Tuanze kuisoma Shamba la Wanyama kwenye ndoo za maziwa

Ndugu Mhariri,

Kurasa za elimu za magazeti yetu, pamoja na vitabu vya mwongozo wanavyonunua wanafunzi, vimezoea kuichambua riwaya ya Shamba la Wanyama, hadithi ya wanyama wanaomfukuza mwenye shamba na nguruwe wakashika uongozi, kwa jedwali la safu mbili. Nguruwe Napoleon ni Stalin, mtawala wa Urusi. Nguruwe Snowball ni Trotsky, mpinzani wake aliyefukuzwa. Farasi Boxer ni mfanyakazi, kunguru Moses ni dini, Bwana Jones ni mfalme wa Urusi aliyepinduliwa. Mwanafunzi anakariri, anajibu swali, anapewa alama, basi. Naomba nafasi niseme kwamba jedwali hilo, hata likiwa sahihi mstari kwa mstari, linamnyima msomaji kile ambacho George Orwell alikijenga kwa uangalifu kuliko vyote: mapinduzi ya haki huharibika vipi, kwa hatua zipi, na ipi hutangulia.

Ukiwauliza wasomaji hatua hiyo ya kwanza, wengi watataja mbwa tisa waliomtimua Snowball mkutanoni. Hiyo ni sura ya tano. Ni kweli hapo ndipo udikteta unapoonyesha meno hadharani, lakini mbwa wale wanapojitokeza jambo lenyewe limeshakwisha. Lilikwisha mwishoni mwa sura ya pili, siku moja tu baada ya Jones kufukuzwa, kwenye ndoo tano za maziwa.

Sehemu hiyo ni fupi na inafaa isomwe polepole. Ng'ombe wamekaa saa 24 bila kukamuliwa na viwele vinawauma. Nguruwe wanaagiza ndoo, wanakamua, ndoo tano zinajaa maziwa yenye povu. Mnyama mmoja anauliza maziwa haya yatafanywa nini. Kuku mmoja anakumbusha kwamba Jones mwenyewe alikuwa akiwachanganyia kidogo kwenye pumba zao. Napoleon anajiweka mbele ya ndoo na kuwaambia wasijali maziwa, mavuno ndiyo muhimu. Snowball atawatangulia shambani na yeye atafuata baada ya dakika chache. Wanyama wanakwenda kuvuna majani. Jioni wanarudi, maziwa hayapo.

Hakuna damu hapo, wala kitisho. Hata amri haikuvunjwa kwa namna ambayo mtu angeweza kuinyooshea kidole. Amri saba zimetoka kuandikwa ukutani asubuhi hiyohiyo, kwa herufi kubwa nyeupe juu ya lami, na zinataja nguo, kitanda, pombe na kuua. Ya saba inasema wanyama wote ni sawa. Hakuna hata moja inayosema nani anashika ghala, nani anapima chakula, na mnyama aliyepunjwa apeleke wapi malalamiko yake. Katiba ile ilikuwa na amri kamili kuhusu kitanda na ilikuwa kimya kabisa kuhusu ndoo. Huo ndio ufa wa kwanza, na ulikuwepo kabla mtu yeyote hajawa mbaya.

Jambo la pili darasani hupitwa kabisa: anayewaongoza wanyama kwenda shambani, wakati maziwa yanabaki na Napoleon, ni Snowball. Sura inayofuata inalimaliza suala. Matufaha yanaanza kuiva, wanyama wanachukulia kwamba yale yanayoanguka chini yatagawanywa sawasawa, na agizo linatoka kwamba yote yakusanywe kwa ajili ya nguruwe. Wanyama wengine wananung'unika. Mwandishi anatuambia waziwazi kwamba katika hili nguruwe wote walikubaliana, hata Snowball na Napoleon, wale wawili ambao hawakukubaliana juu ya kitu kingine chochote. Squealer, nguruwe msemaji wao, anatumwa kueleza. Anasema nguruwe wengi hawayapendi maziwa wala matufaha, wanayala kwa sababu za kisayansi, kwa kuwa wao ndio wanaofanya kazi ya akili, na wakishindwa kazi hiyo Jones atarudi. Wanyama wananyamaza. Kisha inakubaliwa, bila ubishi zaidi, kwamba maziwa, matufaha yaliyoanguka, na pia mavuno yote ya matufaha yatakapokomaa, ni ya nguruwe. Lililoulizwa lilikuwa matufaha ya chini. Lililopitishwa ni pamoja na yale yaliyo juu ya mti. Mwanafunzi atakayeuona mruko huo ndani ya aya moja ameelewa zaidi kuliko aliyekariri majina kumi ya Warusi.

Wala huu si ubunifu wangu. Desemba 1946 Orwell alimwandikia rafiki yake Mmarekani, Dwight Macdonald, akaeleza kwamba mahali pa kugeuka katika hadithi ni pale nguruwe walipojiwekea maziwa na matufaha, na akataja neno moja la historia: Kronstadt. Akaongeza kwamba kama wanyama wengine wangekuwa na akili ya kukataa hapo hapo, mambo yangekwenda sawa.

Kronstadt ilikuwa ngome ya jeshi la majini kwenye kisiwa karibu na Petrograd (leo St. Petersburg). Mabaharia wake walikuwa mstari wa mbele katika mapinduzi ya Oktoba 1917. Machi 1921 walipitisha madai 15. Walitaka mabaraza yachaguliwe upya kwa kura ya siri, wafanyakazi na wakulima wawe huru kusema, na wafungwa wa kisiasa wa vyama vya kijamaa waachiwe. Miongoni mwa madai hayo limo hili: posho ya chakula iwe sawa kwa watu wote wanaofanya kazi, isipokuwa walio kwenye kazi za kudhuru afya. Jibu lilikuwa jeshi kuvuka barafu na kuitwaa ngome, na kufikia tarehe 18 Machi uasi ulikuwa umezimwa. Aliyekuwa mkuu wa jeshi hilo ni Trotsky. Lenin alikuwa hai na ndiye kiongozi wa nchi. Stalin alikuwa bado hajawa katibu mkuu wa chama. Cheo hicho alikipata Aprili 1922.

Ukiziweka tarehe hizo mbele yako, uchambuzi wa kiongozi mwema aliyefukuzwa na kiongozi mwovu unaanguka wenyewe. Snowball ana kipaji, ana ushujaa, ana mipango ya kinu cha upepo cha kuleta umeme, na alikula matufaha. Kama kura ingempa ushindi, wanyama wangepata umeme mapema zaidi na mwandishi hatupi sababu ya kuamini kwamba wangeyaona maziwa tena. Mwalimu anayewafundisha vijana kwamba tatizo lilikuwa mtu mmoja anawafundisha kungoja mtu mwingine.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa walimu na kwa waandishi wa safu za elimu ni kubadili jedwali. Kwenye safu ya kushoto ziandikwe mali za shamba, na mwanafunzi afuatilie kila mali, sura kwa sura, inaingia mkononi mwa nani na kwa maneno gani. Orwell ameacha vipimo makusudi, na vipimo hivyo vinasema.

Mayai yanatosha kuonyesha. Katika sura ya saba Napoleon anafunga mkataba, kupitia wakili Whymper, wa kuuza mayai 400 kwa wiki. Kuku wanakataa, wanaruka juu ya boriti na kutagia huko, mayai yanaanguka na kupasuka. Hii ndiyo mara ya kwanza tangu Jones aondoke kutokea kitu kinachofanana na uasi, na wanaoasi ni wale waliokumbuka pumba yenye maziwa. Napoleon hawapigi. Anakata posho yao, na anaamuru kwamba mnyama atakayempa kuku hata punje moja auawe. Wanashikilia siku tano. Kuku tisa wanakufa, wanazikwa kwenye bustani ya miti ya matunda, na inatangazwa kwamba wamekufa kwa kuhara damu. Whymper hasikii chochote. Katika sura ya tisa mkataba unapandishwa hadi mayai 600 kwa wiki, na mwaka huo vifaranga walioanguliwa ni wa kuziba nafasi tu. Anayejua historia ya Urusi ataona hapo wakulima, mashamba ya lazima na nafaka iliyouzwa nje wakati vijiji vina njaa mwaka 1932 na 1933. Asiyeijua bado ataona utaratibu mzima: mkataba wasioulizwa wahusika, chakula kama silaha, sababu ya kifo iliyobuniwa, na wakala wa nje aliyewekwa gizani.

Pensheni nayo. Mwanzoni wanyama waliahidiana umri wa kupumzika: farasi na nguruwe miaka 12, ng'ombe 14, mbwa 9, kondoo 7, kuku na bata bukini 5. Farasi mstaafu angepata pauni 5 za nafaka kwa siku, na majira ya baridi pauni 15 za majani makavu. Kipande cha ardhi nyuma ya bustani kilitengwa kwa ajili yao. Mwisho wa sura ya nane kipande hicho kinalimwa na kupandwa shayiri, na mara inajulikana kwamba kila nguruwe anapata painti moja ya bia kwa siku na Napoleon nusu galoni. Boxer, aliyebakiza muda mfupi kustaafu, anaanguka akivuta mawe ya kinu na kuuzwa kwa mchinja farasi. Kufikia sura ya kumi hakuna mnyama hata mmoja aliyewahi kustaafu. Shayiri, bia na Boxer ni hesabu moja, lakini haijaandikwa mahali pamoja. Msomaji anaachiwa aijumlishe.

Tukija kwenye ukuta wa amri, wanafunzi wengi hujibu kwamba nguruwe walizifuta. Hawakuzifuta, isipokuwa mwisho kabisa. Waliongeza maneno mwishoni: kitanda kisiwe na shuka, pombe isipite kiasi, kuua kusiwe bila sababu. Na mpangilio haubadiliki. Kitendo hutangulia, maneno hufuata. Nguruwe wanalala vitandani kwanza, ndipo farasi Clover anamwomba mbuzi Muriel amsomee amri ya nne. Clover anajua herufi lakini hawezi kuziunga kuwa neno. Alichonacho ni kumbukumbu tu, na kumbukumbu inashindwa mbele ya maandishi. Sura ya tatu ilikwisha kutupa orodha ya nani anajua kusoma, tukaipita kama kichekesho. Nguruwe wanasoma vizuri. Mbwa wanasoma, ila hawataki kusoma kitu kingine zaidi ya amri saba. Punda Benjamin anasoma sawa na nguruwe yeyote lakini anasema hakuna kinachofaa kusomwa. Boxer hakuvuka herufi ya D. Kondoo, kuku na bata hawakuvuka A. Orodha hiyo ni ramani ya maovu yote yanayofuata, na Benjamin ndiye anayepaswa kutuuma zaidi: siku anapoamua kusoma kwa sauti, anasoma maandishi ya ubavuni mwa gari la mchinja farasi, na Boxer ameshafungiwa ndani.

Hapa pana uhusiano wa kweli na sisi. Tafsiri ya Kiswahili ya Fortunatus Kawegere ilitolewa na East African Publishing House, Nairobi, mwaka 1967, mwaka uleule ambao Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari. Azimio lilikuwa na kitu ambacho ukuta wa wanyama haukuwa nacho: masharti ya uongozi yaliyogusa mali moja kwa moja. Kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba ya kupangisha. Hayo ni masharti ya ndoo za maziwa hasa. Februari 1991, huko Zanzibar, chama tawala kililegeza masharti hayo. Sipendi mwanafunzi achukue majina ya viongozi wetu ayabandike juu ya nguruwe. Huo ni uvivu uleule wa jedwali, na ni kuwaonea watu. Lakini maswali yanayotoka kwenye ukuta wa riwaya anaweza kuyauliza kwa heshima na kwa ushahidi: vitendo vilitangulia ruhusa, au ruhusa ilitangulia vitendo? Nani alikuwa na nakala ya maandishi ya zamani? Nani aliulizwa? Kwa Mtanzania, hilo ni somo la fasihi na la uraia kwa pamoja.

Kwa vijana wanaoandika istiara za siasa, hasa tamthilia za mashindano ya shule, nina neno pia. Kasoro inayojirudia ni kwamba mtawala anaingia jukwaani akiwa na tumbo na kicheko, jina lake ni ufisadi wenyewe, na waliomzunguka wanaitwa kwa tabia zao. Hapo hakuna kilichoharibika, kwa sababu hakuna kilichowahi kuwa kizima. Shaaban Robert katika Kusadikika, kitabu cha 1951, alikuwa na haki ya kuanza na dhuluma iliyokwisha kukaa kitini, kwa kuwa alikuwa akiandika chini ya ukoloni na kesi ya Karama, mshtakiwa wake, ndiyo iliyokuwa hadithi. Anayetaka kuonyesha maadili ya mapinduzi yakioza lazima ayafanye yapendeze kwanza. Orwell ametumia karibu theluthi moja ya kitabu kufanya hivyo: mavuno ya kwanza yanakwisha siku mbili mapema kuliko Jones na watu wake walivyozoea, hakuna anayeiba hata tonge, na wanyama wana furaha ambayo hawakuijua. Msomaji asipolipenda shamba hilo, hataumia likimponyoka. Kezilahabi alilijua hilo katika Kaptula la Marx, tamthilia iliyosubiri hadi 1999 kuchapishwa. Safari ya Rais Kapera kuelekea Usawa ni safari ambayo mtu mwenye akili timamu angetaka kuianza. Kasoro iko kwenye kaptula isiyomkaa anayeivaa.

Kasoro nyingine ni msimulizi anayejua kila kitu na kukisema. Msimulizi wa Shamba la Wanyama karibu daima anajua kile tu ambacho wanyama wa kawaida wanakijua. Haingii kichwani mwa Napoleon. Baada ya Boxer kuchukuliwa anaripoti kwamba kulikuwa na karamu nyumbani kwa nguruwe, na kwamba habari zilizagaa kuwa wamepata pesa kutoka mahali fulani, wakanunua kasha jingine la wiski. Mahali fulani. Hakuna sentensi inayosema pesa ni bei ya mwili wa Boxer, na kwa sababu haisemwi, msomaji anaifikia mwenyewe kwa hasira yake mwenyewe. Kijana ambaye angeweka hapo mhusika wa kupaza sauti "wamemuuza ndugu yetu ili wanywe" angeua tukio zima.

Na haki kwa adui. Machi 1945, kitabu kikiwa kwenye hatua za mwisho za uchapaji, Orwell aliomba sentensi moja ibadilishwe. Kinu cha upepo kinapolipuliwa, wanyama wote wanajitupa chini. Alitaka isomeke wote isipokuwa Napoleon. Sababu yake ni kwamba Stalin hakukimbia Moscow Wajerumani walipokaribia. Mtu aliyemchukia Stalin kiasi hicho alimpa ushujaa aliostahili, na istiara ikazidi kuaminika. Kitabu chenyewe kilikataliwa na wachapishaji kadhaa wa London, akiwemo T. S. Eliot kwa niaba ya Faber and Faber mwaka 1944, wakati Urusi ilikuwa mshirika vitani, kikatoka tarehe 17 Agosti 1945.

Mwisho, jambo la vitendo. Shule nyingine huonyesha filamu ya katuni ya mwaka 1954 badala ya kusoma kitabu. Filamu hiyo iligharamiwa kwa siri na shirika la kijasusi la Marekani, na mwisho wake ulibadilishwa: wanyama wanaungana na kuwapindua nguruwe. Orwell alikuwa amefariki Januari 1950 na hakuulizwa. Katika kitabu wanyama wanabaki nje ya dirisha, na ndani nguruwe na binadamu wanagombana kwa sababu wawili wametupa karata ileile mezani. Katika dibaji aliyoiandikia tafsiri ya Kiukraine ya 1947 alieleza kwamba ugomvi huo aliuweka kwa makusudi. Aliuandika mara baada ya mkutano wa viongozi wa Urusi, Marekani na Uingereza huko Tehran mwaka 1943, ambao watu walidhani umeleta maelewano kati ya Urusi na nchi za Magharibi, na yeye hakuamini maelewano hayo yangedumu. Mwalimu mwenye filamu hiyo awaambie wanafunzi tofauti hii kabla hawajaitazama, na sura ya kumi isomwe darasani siku hiyohiyo.

Wako,
Mwalimu wa fasihi,
Morogoro